Nchi Jirani: Manamba Walikuwa Nani?

Hiki ni Nchi Jirani, kipindi cha kuwafahamu majirani zetu na safari zao. Kama unakisoma kipindi hiki kwenye karatasi badala ya kukisikia redioni, ukimaliza msomee na jirani yako asiyejua kusoma.

Leo tunazungumza juu ya watu waliovuka mipaka ileile ambayo wengi wetu tumeivuka, ila wao waliivuka miaka themanini, tisini au mia moja kabla yetu. Walitoka Urundi, Ruanda, Msumbiji na mikoa ya mbali ya Tanganyika yenyewe. Walikwenda kufanya kazi ya kibarua katika mashamba ya mkonge ya Tanga, Morogoro na Lindi, na wengine wakafika hadi pwani ya Kenya. Watu wakawaita manamba.

Neno hilo limetokana na namba. Kibarua aliyeletwa kutoka mbali aliandikishwa, akapewa namba, na kuanzia hapo shambani alijulikana kwa namba hiyo. Wenyeji nao wakazoea. Hawakusema "wamekuja Waha" au "wamekuja Warundi." Walisema "wamekuja manamba."

Basi leo tuulize swali ambalo namba haiwezi kulijibu. Watu hawa walikuwa nani? Walitoka wapi, walikuwa na umri gani, walijua kazi gani kabla ya kushika panga la mkonge, na nyumbani walimwacha nani? Haya si maswali ya kupitisha muda. Kabla kipindi hakijaisha utaona kwamba, kwa wajukuu wa baadhi yao, majibu ya maswali haya ndiyo yaliyoamua nani ana nchi na nani hana.

Mkonge wataka watu

Mkonge si mmea wa kwetu. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dkt. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na miche iliyofika Pangani ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakaenea mashamba makubwa ya Tanga, Muheza, Korogwe, Morogoro, Kilosa na Lindi. Singa za mkonge zilitengeneza kamba za meli, kamba za kufungia mazao na magunia. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960, Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka, na hapakuwa na nchi duniani iliyoizidi.

Lakini mkonge haujikati wenyewe. Jani lina mwiba mkali nchani, na utomvu wake unawasha ngozi. Mtu anainama kutwa nzima juani, anakata jani moja baada ya jingine, anayafunga mafungu na kuyabeba hadi kwenye reli ndogo ya shamba ili yapelekwe korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge. Wasambaa, Wabondei na Wazigua waliokuwa jirani na mashamba walikuwa na mashamba yao wenyewe ya mahindi, mihogo na ndizi. Wengi waliona afadhali kuyauzia mashamba makubwa chakula kuliko kuyauzia mgongo.

Ndipo wenye mashamba wakatazama mbali. Mtu wa karibu akichoka, kesho haonekani, amerudi kwake. Mtu aliyetoka safari ya wiki tatu atarudi vipi bila nauli? Kadiri alivyotoka mbali, ndivyo ilivyokuwa vigumu kwake kuiacha kazi. Tena sheria ya mwajiri na mtumishi ya mwaka 1923 ilifanya kutoroka kazini kabla ya mkataba kwisha kuwa kosa la jinai. Mtu aliweza kushtakiwa kwa sababu tu ameacha kazi.

Walitoka wapi, na nini kiliwatoa

Wa kwanza kufika kwa wingi, tangu enzi za Wajerumani, walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Baadaye wakaja Wangoni na Wabena kutoka kusini, Waha kutoka Kigoma, Wamakonde na Wamakua kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma, na Warundi kutoka ng'ambo ya Malagarasi. Mwaka 1944 chama cha wenye mashamba ya mkonge kiliunda ofisi yake ya kuajiri, ikaitwa SILABU. Mawakala wake walikwenda wilaya za mbali, wakawakusanya watu, wakawapima afya, wakawaandikisha mkataba na kuwasafirisha kwa lori na kwa treni. Waliokuja kwa njia hiyo waliitwa watu wa mkataba. Wengine wengi walikuja kwa miguu yao wenyewe, hawakupita kwa wakala yeyote, wakajiandikisha walipofika.

Kwa nini waliondoka? Jibu la kwanza, karibu kila mahali, ni kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwishoni mwa miaka ya 1890, na Waingereza wakaendelea na kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Kodi ililipwa kwa fedha. Mtu mwenye mbuzi, mtama na maharage hakuwa na fedha. Kama wilaya yake haikuwa na zao la biashara wala barabara ya kulipeleka sokoni, fedha ilipatikana mahali pamoja tu: kwa kuuza nguvu zake mbali na nyumbani.

Hapa niseme neno kwa wanaotusikiliza Nyarugusu. Mkoa wa Kigoma, ambao ndio mwenyeji wenu, ulikuwa miongoni mwa mikoa ya namna hiyo. Wanahistoria wa Tanzania walioichunguza Kigoma wameonyesha kwamba serikali ya kikoloni iliiacha bila mazao ya biashara ya maana, ikaufanya kuwa mkoa wa kutoa vibarua. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Treni hiyo ilileta bidhaa, lakini pia iliwabeba vijana wa Kasulu na Kibondo kwenda kukata mkonge. Mzee wa Kiha unayemwona sokoni leo, huenda babake au babu yake alipata kuwa mgeni mwenye namba katika kambi ya watu wengine.

Kwa Warundi na Wanyarwanda kulikuwa na zaidi ya kodi. Ruanda-Urundi ilikuwa chini ya Wabelgiji. Huko mtu alilipa kodi, akafanya kazi ya lazima barabarani bila ujira, akalima mazao ya lazima, na akichelewa alionja kiboko. Juu ya hayo zikaja njaa. Njaa iliyoitwa Ruzagayura, ya mwaka 1943 na 1944, iliua watu wengi sana Rwanda na kuwatawanya wengine. Wabelgiji walitaka watu hao wabaki kwao au wapelekwe Katanga, ambako kampuni ya migodi ya shaba, Union Minière du Haut-Katanga, ilianza kuwachukua watu wa Ruanda-Urundi mwaka 1925. Lakini watu wenyewe walipima. Upande wa Waingereza ujira ulikuwa bora na kiboko kilikuwa mbali. Wengi wakaenda kaskazini, Buganda, kulima pamba na kahawa katika mashamba ya wakulima wa Kiganda. Wengine wakaenda mashariki. Warundi wa zamani waliiita safari hiyo ya mashariki "kwenda Manamba," utadhani Manamba ni jina la nchi.

Kwa Wamakonde wa Msumbiji, aliyewasukuma alikuwa Mreno. Huko kulikuwa na kazi ya shuruti iliyoitwa chibalo, na kuanzia mwaka 1938 kilimo cha pamba cha lazima. Mkulima aliamriwa apande pamba mahali pa chakula, kisha aiuze kwa bei aliyopangiwa. Kuvuka Ruvuma kulikuwa kupumua.

Sasa tazama, ndugu yangu. Katika kitabu cha shamba wote hawa waliandikwa kwa jina moja: kibarua. Lakini mmoja alikuja kutafuta shilingi za kodi ili arudi kwake haraka. Mwingine alikuja akikimbia kiboko na hakuwa na haraka ya kurudi. Mwingine alikimbia njaa. Mpaka kati ya mtu anayetafuta kazi na mtu anayekimbia ulikuwa mwembamba wakati ule, na kwa wengine haukuwepo kabisa.

Vijana, na wanawake waliobaki

Wengi wa manamba wa miaka ya mwanzo walikuwa wanaume vijana. Kodi ya kichwa ilimwangukia mwanamume mzima, na wakala wa kuajiri alimtaka mwenye nguvu. Kijana naye alikuwa na hesabu zake: kodi, mahari, nguo, pengine baiskeli ya kurudi nayo kijijini. Alikusudia kukaa mwaka mmoja au miwili, amalize mkataba, arudi aoe.

Mzigo wa safari hiyo uliwaangukia pia wasiosafiri. Mwanamume alipoondoka msimu wa kulima, jembe lake lilishikwa na mke, mama au dada. Kufyeka msitu, kujenga, kuchimba matuta, kazi ambazo desturi iliwapa wanaume, zilisubiri au zilifanywa na wanawake juu ya kazi zao wenyewe. Kampuni ililipa ujira wa mtu mmoja peke yake, kwa hesabu kwamba mkewe na watoto wanalishwa na shamba la kijijini. Kwa maneno mengine, mwanamke wa Buha au wa Urundi, ambaye hakuwahi kuuona mkonge, alikuwa akichangia faida ya mkonge kwa jasho lake. Namba yake haikuandikwa popote.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wenye mashamba walianza kuona faida ya kibarua mwenye familia, kwa sababu hakimbii upesi. Wanawake wakaongezeka kambini. Wengine walifanya kazi ya kuanika singa juani, wengine walilima bustani, wakapika na kuuza chakula na pombe. Watoto wakazaliwa kambini. Na mtoto akishazaliwa mahali, habari ya kurudi nyumbani inabadilika. Nyumbani kwa nani? Kwa baba aliyekumbuka kilima cha kwao, au kwa mtoto aliyezijua safu za mkonge tu?

Walijua nini kabla ya panga

Sasa tufike kwenye swali ambalo karani hakuliuliza: kabla ya kuja hapa ulikuwa ukifanya kazi gani?

Wanyamwezi waliofika Tanga enzi za Wajerumani walikuwa watu wa misafara. Baba zao, na baadhi yao wenyewe, walikuwa wapagazi waliobeba pembe na nguo kati ya Tabora, Ujiji na Bagamoyo. Walijua kutembea miezi, walijua kupatana ujira kabla ya kuinua mzigo, na walijua kuweka mzigo chini pamoja mkubwa wa msafara alipovunja mapatano. Mwenye shamba aliyedhani amepata watu wasiojua kazi ya ujira alikuwa amekosea.

Waha na Warundi walitoka katika nchi za ng'ombe, maharage na migomba. Miongoni mwao walikuwepo wahunzi waliojua kuyeyusha chuma na kufua majembe. Wapo waliotoka karibu na Uvinza, ambako chumvi ilichemshwa kutoka kwenye chemchemi na kuuzwa nchi za mbali zamani sana kabla ya ukoloni. Hao walikuwa mafundi na wafanyabiashara. Mkonge haukuuliza habari za chuma wala chumvi.

Wamakonde wa Msumbiji, ambao Tanganyika waliitwa Mawia, walikuwa wakulima wa nyanda za juu zenye vichaka vizito, tena walikuwa wachongaji. Walichonga vinyago vya kuchezea ngoma za jando, vyombo na sanamu. Kazi hiyo hawakuiacha ng'ambo ya Ruvuma. Walipofika Tanganyika waliendelea kuchonga baada ya saa za kazi. Miaka ya 1950 wengine wakahamia Dar es Salaam na kuishi kwa ufundi huo. Vinyago vya mpingo vya Kimakonde, ambavyo leo vinajulikana dunia nzima na vinahesabiwa kuwa sanaa ya Tanzania, kwa sehemu kubwa vilikuzwa na mikono ya wahamiaji hawa. Karani aliandika "mkata mkonge." Dunia ikaja kujua kwamba alikuwa msanii.

Mashamba yalikuwa na mazoea ya kugawa kazi kwa kabila. Walisema Mawia ni wakataji hodari, kabila fulani linafaa kupalilia, jingine linafaa korona. Maneno ya namna hiyo husikika kama sifa, lakini tuyaangalie vizuri. Mtu akishaambiwa kabila lake ni la kukata, nani atamuuliza kama anajua kuhesabu, kufua chuma au kushona? Sifa ya kabila ilikuwa namba nyingine tu, imevaa nguo nzuri.

Kambi, posho na kipande

Yapo maneno matatu ya mashamba ya mkonge ambayo wewe msikilizaji huna haja ya kuelezwa.

La kwanza ni kambi. Makazi ya vibarua yaliitwa kambi, safu za nyumba zilizopangwa karibu karibu, na wakazi wake wakaitwa watu wa kambini.

La pili ni posho. Mtu wa mkataba alipewa chakula cha kupimiwa, hasa unga wa mahindi na maharage. Mtu aliyezoea ndizi, muhogo au mtama alilazimika kuzoea tumbo jipya.

La tatu ni kipande. Kipande kilikuwa kadi. Kila siku mtu alipomaliza kazi aliyopimiwa, mnyapara au karani alitia alama kwenye kadi. Alama zilipofika 30 kipande kilikuwa kimejaa, na hapo ndipo mtu alipata ujira wake. Kwa kawaida alipewa siku 42 za kukijaza. Asipomaliza kipimo cha siku, siku hiyo haikuhesabiwa hata kama alikesha shambani. Kwa hiyo "mwezi" wa manamba haukuwa mwezi wa kalenda. Ulikuwa mwezi wa kadi.

Usidhani walikaa kimya. Walipunguza kasi, walihama shamba moja kwenda jingine lenye sifa ya afadhali, na waliuliza habari njiani kabla ya kukubali mkataba. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wafanyakazi wa mkonge walikuwa na chama chao, na migomo ikatikisa mashamba mengi. Baada ya uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba 1961, ujira ulipanda na ule utaratibu wa kuleta watu wa mkataba kutoka mbali ukakomeshwa. Kisha zikaja nyuzi za plastiki, bei ya mkonge ikaanguka, na mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967. Kazi ikapungua, watu wakabaki.

Walichokijenga wao kwa wao

Kambini mtu wa Kasulu alilala ukuta mmoja na mtu wa Mueda na mtu wa Songea. Walizungumza lugha gani? Kiswahili. Wengi walijifunza humo, na waliporudi makwao walirudi nacho. Walianzisha vyama vya kusaidiana na kuzikana, kwa kuwa hakuna jambo linalomtisha mgeni kama kufa bila mtu wa kumwosha. Walicheza ngoma zao, wakafundishana na nyingine.

Vyama hivyo vidogo vilikuja kuzaa makubwa. Wamakonde waliokuwa wakifanya kazi Tanganyika, Zanzibar na Kenya walikuwa na vyama vyao vya kusaidiana. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda, kaskazini mwa Msumbiji. Habari ilivuka mto na kufika kambini. Mwaka uliofuata vyama vile vikaungana kuwa chama cha siasa kilichoitwa MANU. Na tarehe 25 Juni 1962, jijini Dar es Salaam, MANU ikaungana na vyama vingine viwili kuunda FRELIMO, chama kilichokuja kuipatia Msumbiji uhuru mwaka 1975. Watu walioandikwa kwa namba katika mashamba ya wengine walikuwa wameweka jiwe la msingi la nchi yao.

Waliobaki: habari ya Kwale

Lakini wako ambao hawakurudi, na habari yao ndiyo inayotugusa zaidi.

Kuanzia miaka ya 1930 Wamakonde kadhaa walifika pwani ya kusini ya Kenya, upande wa Kwale, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Walioa, wakazaa, wakazika. Makao yao mojawapo yanaitwa Makongeni. Jina lenyewe linaeleza kilichowaleta. Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Wao wakaendelea kukata, kulima, kuvua na kuchonga, wakidhani kwamba kuishi mahali kunatosha.

Hakukutosha. Bila kitambulisho, mtu hawezi kuandikisha ardhi, hawezi kufungua akaunti ya benki, hawezi kuajiriwa rasmi, na mtoto wake hukwama anapohitaji cheti cha kuzaliwa cha kufanyia mtihani. Wajukuu wa wakata mkonge walizaliwa Kenya, walisema Kiswahili cha Kenya, na Msumbiji hawakuwahi kuiona. Lakini katika vitabu vya serikali hawakuwa Wakenya, na Msumbiji nako hawakuandikwa. Hawakuwa raia wa nchi yoyote.

Mwaka 2011 Kenya ilitunga sheria mpya ya uraia. Sheria hiyo ilifungua mlango kwa watu wasio na uraia, na kwa wahamiaji walioingia kabla ya tarehe 12 Desemba 1963 na kuishi nchini mfululizo. Miongoni mwa masharti lilikuwamo la kujua Kiswahili au lugha nyingine ya Kenya. Ile lugha ya kambini ikawa sasa ushahidi. Lakini mlango huo ulikuwa na muda wa miaka mitano, na muda ukapita wengi wakiwa bado nje.

Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale walianza safari kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais. Wazee walikuwemo, na akina mama walikuwemo. Babu zao walitembea kutoka Msumbiji kutafuta kazi. Wajukuu walitembea kutafuta karatasi ya kusema kwamba wapo. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Mapema mwaka 2017 walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya.

Hawakuwa wa mwisho. Tarehe 12 Desemba 2020 Rais huyohuyo alitangaza uraia kwa Washona 1,670, na kwa watu 1,300 wenye asili ya Rwanda, ambao wazazi na babu za wengi wao walifika Kenya kufanya kazi katika mashamba ya chai.

Na sisi je?

Ndugu msikilizaji, tuwe wakweli. Habari ya manamba si habari yetu yote. Mkimbizi na kibarua mhamiaji si mtu mmoja mbele ya sheria. Mkimbizi analindwa na Mkataba wa mwaka 1951, na hawezi kurudishwa kwa nguvu mahali ambapo maisha yake yako hatarini. Tena kila nchi ina sheria zake kuhusu kazi na uraia. Kilichotokea Kwale si ahadi kwa mtu wa Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, na asikudanganye mtu kwa hilo.

Lakini kuna jambo moja ambalo watu hawa wanatufundisha, na linamfaa mtu aliye popote. Kitabu cha shamba kiliandika namba, kabila na siku za kazi, basi. Hakikuandika kwamba mtu huyu ni mhunzi, yule ni mchongaji, huyu alitoka kijiji gani, mkewe ni nani, mtoto wake alizaliwa lini. Miaka ilipopita, kitu ambacho hakikuandikwa ndicho kilichohitajiwa. Wazee walipoulizwa "baba yako aliingia lini, kwa njia gani, alifanya kazi wapi?" wengi walikuwa na kumbukumbu ya kinywa tu, na wazee wengine walikuwa wamekwisha kufa nayo.

Kwa hiyo tusiiachie kadi ya posho peke yake kazi ya kutueleza sisi ni nani. Wewe ulikuwa nani kabla ya kambi? Mwalimu wa shule ya msingi, mvuvi wa Tanganyika, fundi cherehani wa Uvira, mkunga, dereva wa lori, mkulima wa kahawa? Wakija kukuhoji, kitaje kwa jina lake kazi uliyoijua. Usikubali kuandikwa "hana kazi" ikiwa unayo mikononi.

Mtoto akizaliwa kambini, fuatilia tangazo la kuzaliwa na cheti chake mapema, usingoje mpaka siku ya mtihani. Vyeti vya shule, kadi za kliniki na barua za kazi za zamani viweke pamoja katika mfuko usiopitisha maji. Kama karatasi zilibaki nyuma au ziliungua, chukua daftari. Andika jina la kijiji, wilaya na mkoa, majina ya babu na bibi wa pande zote mbili, mwaka mliotoka, njia mliyopita na kazi mliyofanya. Asiyejua kuandika amweleze mwanawe aandike. Daftari si cheti, lakini siku ya kuulizwa litamsaidia mtoto kujibu.

Manamba walikata majani ya mkonge kwa mamilioni, na kila fungu lilihesabiwa. Maisha yao wenyewe hayakuhesabiwa na mtu mpaka wajukuu walipolazimika kuyatafuta. Yetu tuyaandike tungali hai.

Hapo ndipo tunapokomea leo katika Nchi Jirani.

Maswali ya kujadili katika kikundi cha wasikilizaji

1. Je, katika familia yako yupo aliyewahi kwenda Manamba, Buganda au Katanga? Alisimulia nini?
2. Kazi gani ulizijua kabla ya kuja kambini, na ni zipi ambazo hakuna aliyewahi kukuuliza?
3. Wanawake waliobaki nyumbani walibeba mzigo gani? Je, leo ni nani anayebeba mzigo usioandikwa?
4. Ni mambo gani matano ambayo mtoto wako angepaswa kuyajua kuhusu mahali mlikotoka?